Maiki ya Mgeni

Kabla sijasema la mtu, niseme langu. Niliwahi kumdanganya shemeji yangu, mume wa dada yangu, mchana kweupe, nikiwa na udhu wangu, mkono nimeuweka kifuani. Aliniuliza, "Umeifuta?" Nikamwambia, "Nimeifuta, shemeji." Sikuwa nimeifuta. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana Yeye alikuwa ananiona, na wewe utajua ilikuwa kitu gani kabla sijamaliza. Mimi sikusoma sana, sijui kupamba maneno. Nitaeleza kama alivyonieleza mwenyewe, na pale nilipokuwepo nitasema nilikuwepo.

Shemeji huyo ni fundi wa mitambo ya muziki, na wenzake wa kazi wanamwita Sikio. Jina hilo alipewa na mzee aliyemfundisha kazi, kwa sababu spika ishirini zikilia pamoja na moja inakwaruza, yeye atakuonyesha kwa kidole ni ipi. Kila mwaka, kwenye lile tamasha kubwa la siku tatu linalojaza uwanja mpaka watu wanakaa juu ya kuta, Sikio ndiye anayekaa nyuma ya meza ya mitambo, katikati ya uwanja, chini ya hema, hatua sitini kutoka jukwaani. Meza yenyewe ni pana kama kitanda. Imejaa vitufe vya kusukuma juu na chini, na kila kitufe ni njia ya sauti moja: ngoma njia yake, gitaa njia yake, kila mwimbaji njia yake. Chini ya kila njia hubandikwa utepe mweupe wenye jina, ili fundi asipapase.

Njia ya mwisho, ya ishirini na nne, huandikwa "Mgeni". Ndivyo mafundi hawa walivyozoea. Pembeni mwa jukwaa husimamishwa maiki moja isiyo na mwenyewe, inamngoja yeyote atakayetokea bila kutarajiwa: mkubwa fulani anataka kusalimia watu, au mwanamuziki wa zamani ameonekana kwenye umati akavutwa jukwaani. Yule mzee aliyemfundisha Sikio alikuwa na sharti moja juu ya maiki hiyo. Usiite maiki ambayo nyuma yake huoni mtu. Kama hakuna wa kuijaribu, iache hivyo hivyo, hata kama kesho yake itakuaibisha. Hakueleza sababu, na Sikio hakuuliza. Aliona ni mambo ya wazee.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya tamasha, alasiri, jua linachoma, uwanja mtupu. Walikuwa wanajaribu mitambo tangu asubuhi. Sisi wengine tukisikia ile "moja mbili, moja mbili" tunacheka, lakini ndiyo kazi yenyewe: mmoja anasimama jukwaani anaongea, fundi anamwambia "tena", anarekebisha, anamwambia "tena", mpaka sauti ikae mahali pake. Walipomaliza njia ya ishirini na tatu, wenzake wakaenda kula. Sikio akabaki. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Mwanawe wa kwanza, binti wa miaka kumi na saba, angepanda jukwaa lile Jumamosi kwa mara ya kwanza, yeye na kikundi chao cha wasichana watano, na baba mtu alitaka kumaliza mapema apate nafasi ya kuitengeneza vizuri njia ya binti yake.

Binti huyo tulimwita Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake. Anaongea akila, anaongea akifua, anaongea hata usingizini. Mama yake alizoea kumwambia kwamba siku atakayonyamaza, watu wa nyumba hii wataamka wakidhani wamekufa. Dada yangu analijutia neno lile mpaka leo.

Basi Sikio akabonyeza kitufe cha kuongea na jukwaa, sauti yake ikatoka kwenye spika zote, uwanja mzima, akasema kama anavyosema siku zote bila kufikiri: "Njia ya ishirini na nne, ongea nikusikie."

Jukwaani hapakuwa na mtu.

Taa ya njia ile ikawaka. Ni taa ndogo ya kijani. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Sikio akavaa hedifoni. Akasikia pumzi. Na kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, mdomo ukamtangulia. Akasema, "Tena."

Pumzi ikasogea karibu. Aliniambia kwamba hakuisikia tu, aliinusa. Ndani ya hedifoni, mahali ambapo hakuna kinachonuka ila jasho lake mwenyewe, ilimjia harufu ya kinywa cha mtu aliyekaa muda mrefu sana bila kula. Akazivua. Akatembea zile hatua sitini, akapanda jukwaani. Maiki ya mgeni ilikuwa imesimama pale pale walipoiweka, na waya wake ulikuwa umeviringwa chini, haujachomekwa popote.

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na anayesema hivyo ni yeye, si mimi. Angeweza kuizima njia ile. Angeweza kuwaita wenzake wakaifungua meza wakatazama ndani. Lakini kuifungua meza ni kazi ya siku nzima, na yeye alikuwa anaifikiria Jumamosi. Akakata kipande cha utepe mweusi, akaifunika ile taa asiione. Akajiambia ni hitilafu ya umeme. Wenzake waliporudi, mpiga ngoma mmoja akamwambia amepauka kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake bafuni. Wakacheka wote, na yeye akacheka.

Ijumaa ikapita salama. Jumamosi, saa kumi za alasiri, wasichana wakapanda.

Hapo nilikuwepo. Nilisimama karibu na hema la mitambo, simu mkononi, mjomba mtu na majivuno yangu, namwambia kila aliye karibu kwamba yule wa katikati ni wa kwetu. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikuwa wa Chiriku mwenyewe, wenzake wanaitikia tu. Akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Maiki yake ilikuwa imekufa.

Nilimwona Sikio mikono inamruka juu ya meza. Njia ya binti iko juu, taa yake imezimika. Akabonyeza hiki, akavuta kile, wapi. Kule jukwaani Chiriku aliendelea kuimba bila sauti, anamtafuta baba yake kwa macho, na watu wakaanza kupiga miluzi, na bwana mmoja nyuma yangu akasema huyu mtoto arudishwe kwa mama yake. Na chini ya ule utepe mweusi, pembeni mwa meza, mwanga wa kijani ulikuwa unapenya, na sasa haukuwa unapanda na kushuka kwa utulivu, ulikuwa unarukaruka ukifuata midomo ya mwanawe, neno kwa neno, na Sikio akauona, akaelewa kwamba anaona kitu kisichopaswa kuwepo, na miluzi ikazidi, na mwanawe akawa anafuta macho kwa kiganja huku anaimba, na mkono wake, ambao aliniapia kwamba aliutazama ukienda kama mkono wa mtu mwingine ila anajua ulikuwa wake, ukakishika kitufe cha mgeni ukakisukuma juu mpaka mwisho.

Sauti iliyotoka sijui nikueleze vipi. Ilikuwa ya msichana. Ilikuwa na maneno yaleyale, na midomo ya Chiriku haikupishana nayo hata kidogo. Uwanja mzima ukanyamaza. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa ananyonyesha, na machozi yalikuwa yanamdondokea mtoto kichwani, hata hajui. Kisha simu zikapanda juu. Maelfu ya simu, na yangu ikiwemo.

Katika watu wale elfu ishirini, mmoja tu ndiye aliyejua. Sauti ya mwanawe aliijua tangu kilio cha kwanza, na ile haikuwa yake. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe, angeweza kuishusha. "Nilijua, shemeji," aliniambia baadaye, anatazama sakafu. "Nilijua, na nikajivuna."

Wimbo ulipokwisha, Chiriku akafunga mdomo. Sauti haikukoma. Ilibaki pale juu ya uwanja peke yake, kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja, kisha ikakatika. Watu walikuwa wanapiga makofi, wangejuaje. Binti akashuka, akapita katikati ya wanaompongeza, akamkimbilia baba yake chini ya hema na kufungua mdomo. Neno lilikuwa "Baba". Sikio alilisoma kwenye midomo. Hapakutoka hata mkwaruzo.

Hospitali walitazama koo wakasema ni koo zima, kama la mtu mwingine yeyote. Wakasema ni mshtuko, apumzike. Lakini huu haukuwa ububu tunaoujua. Bubu hukohoa ukamsikia, hulia ukamsikia. Chiriku akipiga chafya, unaona mwili unaruka, na chumba kimenyamaza. Akilia, mabega yanatikisika tu. Ukifumba macho, hayupo. Dada yangu akamnunulia daftari, akawa anaandika anachotaka kusema, na mtoto yule wa maneno mengi namna ile alijaza daftari la kwanza kwa siku mbili. La pili lilimchukua wiki. La tatu halikujaa.

Siku ya tisa, mchana, dada alikuwa jikoni anachambua mchele. Akamsikia Chiriku uani. Anaongea, anacheka, ile sauti yake hasa, ya kumsimulia mtu habari ya shuleni. Dada akaangusha ungo, akatoka mbio huku anaita jina lake, na akamkuta binti amekaa kwenye kigoda kando ya beseni la nguo, midomo imefungwa, uso umelowa machozi, na sauti ilikuwa inaendelea, inatoka kwenye lile beseni, kisha kwenye ukuta, kisha nyuma ya sikio la dada mwenyewe, karibu kabisa, pamoja na harufu ya kinywa kilichokaa bila chakula, na sasa ilikuwa imeacha kucheka, ilikuwa inasema polepole, kwa sauti ya mwanawe, maneno ambayo dada hakuyaelewa kwa sababu mumewe alikuwa hajamwambia: "Ongea nikusikie. Tena. Ongea nikusikie. Tena."

Jioni alipoyarudia maneno yale mbele ya mumewe, Sikio alikaa chini, hapo hapo mlangoni, viatu mguuni. Ndipo akamweleza yote.

Wakamwita mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mtu mzima, anayejulikana kwa kisomo. Nami nilikuwepo, nilishika Kitabu. Alisoma tangu baada ya adhuhuri mpaka jua lilipoanza kulegea. Juu ya kabati palikuwa na redio ya zamani isiyo na betri. Alipofika mahali fulani katika kisomo, redio ile ikaanza kupumua.

Mwalimu hakugeuka. Akaiambia imtoke mtoto wa watu.

"Simo ndani yake," ikajibu, kwa sauti ya Chiriku, na Chiriku amekaa mbele yetu. "Wala sikuingia kwa wizi. Niliambiwa niongee. Nikaambiwa tena. Nikainuliwa juu mbele ya watu."

"Uko wapi?"

"Mikononi mwao. Wananilisha."

Mwalimu hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Chiriku ndiye aliyevuta daftari akaandika neno moja, akalielekeza kwetu: Simu.

Mwalimu akamaliza kisomo, akanyunyiza maji pembe zote, na nyumba ikatulia kweli. Redio haikupumua tena, uani hakuna kilichosikika tena. Lakini wakati anavaa viatu alimshika Sikio mkono. "Nyumbani kwako nimeitoa, kwa uwezo wa Mungu," akasema. "Ila huko iliko, kila anayeisikiliza anaipa chakula, na sauti ya mtoto ndiyo inayoishikilia. Mimi siwezi kuingia mfukoni mwa kila mtu, mwanangu."

Dada yangu aliniambia jambo ambalo hajamwambia mumewe. Kwamba baada ya nyumba kutulia, kuna siku alikaa uani akatamani sauti ya mwanawe irudi, hata kama ni ile.

Sikio akaanza kutembea. Mlango kwa mlango, anabisha, anasalimia, anaomba watu wafute video ya wimbo ule kwenye simu zao. Wapo waliofuta mbele yake, Mungu awalipe. Wengine walicheka. Vijana wa mtaa wa pili walimwambia yeye ni baba wa kwanza duniani kumwonea wivu mwanawe. Akaenda ofisi ya wenye tamasha, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akapokelewa na mama mmoja mwenye adabu zake, aliyemsikiliza mpaka mwisho. Kisha mama yule akamwambia, kwa upole kabisa, "Fundi, mbona wimbo huo ndio tutakaolitangazia tamasha lijalo?" Na ndivyo ilivyokuwa. Gari la matangazo likawa linapita mtaani kwao, spika mbili juu, linaimba, na Chiriku anakwenda chumbani anajifunika mto masikioni.

Tamasha la mwaka uliofuata lilipofika, Sikio alikwenda. Si kwa kazi, kazi alikwishaiacha. Mwenzake akamruhusu aingie chini ya hema dakika moja tu, akaikuta meza ileile, akakishika kitufe cha ishirini na nne akakivuta chini mpaka mwisho, akang'oa na utepe wa jina. Juu yake spika zilikuwa zinapiga tangazo, sauti inaimba. Haikushuka hata chembe. Mwenzake akamwondoa kwa kumshika mabega, maana alikuwa bado anavuta kitufe kilichokwisha kufika chini.

Na kwangu alikuja. Nilikuwa mtu wake wa karibu, aliniamini, hata hakuona haja ya kukaa. Aliniuliza swali lile nikamjibu jibu lile.

Nitakuambia kwa nini. Nilikuwa naipenda. Nilikuwa namaliza sala ya alfajiri, msala haujakunjwa, naichukua simu naisikiliza. Nilijiambia ni kumbukumbu ya mtoto wetu alipokuwa mzima, tena kuna ubaya gani, mmoja tu kati ya elfu ishirini. Nikawa naona kitu na kujifanya sijakiona. Ile sauti iliyobaki mwishoni, baada ya mdomo kufungwa, siku ile uwanjani ilikuwa pumzi moja. Kwenye simu yangu ikawa pumzi mbili. Ikawa tano. Ikafika mahali wimbo umeisha, picha imeganda, simu inaonyesha kwamba imesimama, na sauti bado inaendelea mkononi mwangu, na mimi sikuitupa, nilikuwa naisogeza sikioni ili nisikie inakokwenda, na chumba kinanuka ile harufu, na nje kunapambazuka kama kawaida, watu wanafungua milango, mpaka asubuhi moja ilipojikata ghafla, ikavuta pumzi, ikaniambia taratibu, kama mtoto anayeomba kitu kwa mjomba wake:

"Mjomba. Tena."

Nikaifuta. Nilikosea mara mbili, lakini niliifuta.

Simu haijapoa mkononi, dada akanipigia. Alikuwa hawezi kupanga maneno. "Amekohoa," akasema. "Nilikuwa nimempa mgongo. Nimemsikia akikohoa." Nikamuuliza lini. Akasema sasa hivi, sasa hivi tu.

Nilikwenda kwao asubuhi ile ile nikamkiri Sikio uwongo wangu mbele ya mkewe na mwanawe. Nilitegemea anifukuze. Hakunitukana. Akauliza tu, kama anayeuliza kuhusu mizigo iliyobaki barabarani, "Bado nani, shemeji?"

Mpaka leo Chiriku ana kikohozi kimoja. Anakikohoa mara kwa mara, ajihakikishie kwamba bado kipo. Kuna siku nyingine hakitoki, na siku hizo tunajua mtu fulani, mahali fulani, amemtumia mwenzake wimbo ule.

Kwa hiyo nakuomba. Kama ulikuwa uwanjani siku ile, au kuna mtu aliyekutumia, nawe unayo, ifute. Usiisikilize kwanza. Ifute.